Shajara ya mradi: kimeng'enya cha kuondoa manyoya ya ngozi, kwa pumba na magadi

Februari: tunachokitafuta

Tunataka kutengeneza hapa Arusha kimeng'enya cha kuondoa manyoya kwenye ngozi za mbuzi, kwa gharama ambayo fundi mdogo wa ngozi ataimudu bila kungoja mzigo wa meli. Kimeng'enya chenyewe ni proteasi, kile kinachokata protini, na atakayetutengenezea ni bakteria wa jamii ya Bacillus. Tuko wachache: fundi sanifu wa maabara, mwanafunzi anayemalizia shahada, mimi ninayeandika shajara hii, na mzee mmoja msindikaji wa ngozi ambaye ndiye atakayeamua kama tumefika au hatujafika.

Njia iliyozoeleka ni chokaa pamoja na sodiamu salfaidi. Salfaidi huyeyusha unywele wenyewe hadi ukawa uji, na uji huo wote huishia kwenye mfereji. Sehemu kubwa ya uchafu unaotoka kiwanda cha ngozi huzaliwa hapo, kwenye hatua hii moja. Maji hayo yakikutana na asidi za hatua za mbele hutoa haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo inanuka kama mayai viza. Ikiwa nyingi inafisha pua kwanza, mtu akadhani hatari imepita, kisha inamuua. Wafanyakazi wa viwanda vya ngozi wamekufa hivyo katika nchi nyingi, wakishuka kusafisha mashimo ya maji machafu.

Proteasi inafanya kazi kwa namna nyingine. Haigusi sana unywele. Inakata protini laini zilizoushika unywele kwenye shina lake ndani ya ngozi. Manyoya yanatoka mazima, unayakusanya kwa mkono. Sharti ni kwamba kimeng'enya hicho kiiache kolajeni, kwa sababu kolajeni ndiyo ngozi. Kikiitafuna, fundi atabaki na kitambaa kinachochanika.

Wazo hili si geni. Mafundi wa Ulaya wa zamani walilainisha ngozi kwa mavi ya mbwa na ya njiwa, na waliokuwa wakifanya kazi humo bila wao kujua ni vimeng'enya. Mwaka 1907 mkemia Mjerumani Otto Röhm alianzisha kampuni kwa ajili ya kuuza mbadala wa mavi hayo, yaani vimeng'enya vilivyotolewa kwenye kongosho za wanyama. Na kabla yake, mwaka 1894, Jokichi Takamine, Mjapani aliyehamia Marekani, alipata hataza ya kimeng'enya kilichotokana na kuvu walioota kwenye pumba za ngano. Pumba! Zaidi ya miaka 100 iliyopita. Huwa namkumbusha mwanafunzi wetu jambo hili kila anapovunjika moyo kwa kuwa hatuna matangi ya chuma cha pua.

Machi: udongo wa wapi

Swali la kwanza tulilojadili kwa muda mrefu ni mahali pa kumtafuta bakteria. Wengi hudhani jibu liko Ziwa Natron au Magadi, kwa sababu tunataka anayeishi kwenye alkali kali. Tuliamua kutokwenda huko, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni haki. Sampuli zilizochukuliwa na watafiti wa kigeni kwenye maziwa ya magadi ya Kenya miaka ya tisini zilizaa vimeng'enya vya kusafishia nguo na vya kufifisha rangi ya jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitoka hadharani kudai sehemu ya faida. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, imekuja kuweka utaratibu wa mambo kama hayo: vibali, makubaliano na wenyeji, mgao. Nasi tungepaswa kuufuata, na tungeufuata kwa moyo mmoja. Lakini mradi mdogo kama wetu ungekwama kwenye karatasi kabla ya kuotesha kitu chochote.

Ya pili ni ya kisayansi. Koki Horikoshi wa Japani, aliyeanza kuwatafuta bakteria hawa mwaka 1968, aliwapata kwenye udongo wa kawaida wa bustani. Wapo wachache, lakini wapo. Ukiwawekea chakula chenye sodiamu kaboneti asilimia 1, ambacho pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, inafika 10 na zaidi, wengine wote wananyamaza na wao wanaibuka.

Kwa hiyo tulichukua udongo kwenye jalala ambapo akina mama wauza kuku humwaga manyoya, na juu yake majivu ya kuni. Manyoya ni chakula cha mla keratini, protini inayounda manyoya; majivu ni alkali. Kama yuko mahali, atakuwa pale.

Hapa naweka onyo kwa yeyote atakayejaribu kazi hii kanda ya kaskazini. Msichukue udongo wa machinjio ya ng'ombe, wala wa mahali palipowahi kufa mifugo. Kimeta kipo huku, spora zake, yaani mbegu zake ngumu zisizokufa kirahisi, hukaa ardhini miaka mingi, na hatua ya kwanza ya kazi yetu ni kuchemsha matope kwa nyuzi 80 kwa dakika 10 ili kuua wasio na spora. Wenye spora hubaki, na kimeta ni mmoja wao. Alkali kali inampinga, lakini hilo si jambo la kulitegemea peke yake.

Aprili: sahani za maziwa

Sahani zetu za petri zina aga, rojo inayoganda ili bakteria waote juu yake, na unga wa maziwa yasiyo na mafuta, hivyo zinaonekana nyeupe. Bakteria anayetoa proteasi anajizungushia duara angavu, kwa sababu kaseini ya maziwa inakatwa na weupe unaondoka. Kaboneti tunaichemsha mbali na kuichanganya mwishoni, vyote vikiwa vya moto. Ukiichemsha pamoja na aga, aga haigandi vizuri, na maziwa yanageuka kahawia.

Tunatumia sufuria ya presha ya jikoni. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 95, na hata ndani ya sufuria ya presha joto halifiki 121 inayoandikwa vitabuni, kwa kuwa hewa ya nje ni nyepesi. Tunaongeza muda. Mtu wa Dar es Salaam akifuata maandishi haya hatahitaji nyongeza hiyo.

Makoloni yaliyoibuka yalikuwa ya sura nyingi. Tulichagua yale ambayo duara lake ni pana ukilinganisha na koloni lenyewe, kisha tukayapitisha kwenye sahani zenye kiini cha yai. Bacillus cereus, anayeharibu chakula na kuwatapisha watu, huacha wingu zito jeupe kwenye kiini cha yai, na ana proteasi nzuri tu, hivyo anaweza kukudanganya kwenye sahani za maziwa. Yeyote aliyeacha wingu tulimteketeza.

Waliobaki tuliwapa unyoya mzima wa kuku kwenye chupa ya maji ya alkali. Wengi waliuacha kama ulivyo. Mmoja aliulainisha kwa siku chache hadi nyuzi zikaachana na mti wa unyoya. Huyo ndiye tuliyempeleka maabara ya chuo kikuu kusomwa vinasaba, na majibu yakamweka karibu na Bacillus halodurans, spishi ambayo jenomu yake yote ilisomwa mwaka 2000. Tunamtunza kwenye mchanga mkavu uliochemshwa, ndani ya vichupa vilivyozibwa. Spora zake zitakaa humo bila friji.

Mei: ndoo

Jaribio la kwanza la uzalishaji lilikuwa la majimaji: ndoo ya lita 20, pampu ya tangi la samaki, na chakula cha molasi na mashudu ya alizeti.

Bakteria walijaa. Kimeng'enya kilikuwa kidogo mno. Sababu inafahamika, ila inasahaulika kirahisi na watu wanaopenda molasi kwa kuwa ni rahisi kupatikana: Bacillus hutoa proteasi nje ya mwili wake anapoanza kukosa. Akiwa na sukari tele hana haja ya kwenda kutafuta protini, na swichi ya kutengeneza proteasi inabaki imezimwa. Vivyo hivyo akiwa na amonia tele. Tulipoondoa molasi na kumwachia mashudu peke yake, aliota polepole zaidi, na proteasi ikapanda.

Lakini ndoo ilituonyesha jambo jingine, ambalo naliona kubwa kuliko mambo yote ya mwaka huu. Chakula cha bakteria hakikuwa gharama. Mashudu ni ya bei ndogo, molasi pia. Gharama ilikuwa kuchemsha lita 20 za maji mpaka zisibaki na kiumbe, kusukuma hewa iliyochujwa usiku kucha, kupambana na povu, na mwishoni kupata kimeng'enya kilichotawanyika kwenye maji mengi kiasi kwamba ukitaka kukikusanya unaanza kazi upya. Protini ikipulizwa hewa inatoa povu. Matone ya mafuta ya kupikia yanalituliza kwa muda, kisha linarudi. Umeme ukikatika, pampu inanyamaza, na bakteria huyu hawezi bila oksijeni. Baada ya saa kadhaa za giza tulikuta ndoo imetulia kama maji ya dimbwi.

Maandiko mengi ya uchachushaji wa gharama nafuu huzungumzia mabaki ya mazao, kana kwamba ukishapata pumba badala ya pepton, chakula cha bakteria cha maabara, kazi imekwisha. Kwa tulichokiona, pumba ni mwanzo mdogo. Cha maana ni kupunguza kuni, hewa na maji. Na njia ya kuvipunguza ni kumweka bakteria mahali ambapo wengine hawawezi kumfuata.

Juni na Julai: sinia, pumba na magadi

Tukaacha majimaji, tukarudi kwa Takamine. Pumba za ngano na mashudu ya alizeti yaliyosagwa, vikalowanishwa tu, vikatandazwa kwenye masinia ya alumini.

Maji ni takriban lita moja kwa kilo moja ya pumba, ukihesabu na ule mchuzi wa bakteria unaopandia. Hiyo inaleta unyevu wa asilimia 55 hivi. Kipimo cha mkono ni hiki: ukikamata tonge na kuliminya, lishikamane bila kudondosha maji, na ukiligusa kwa kidole livunjike. Likidondosha, nafasi kati ya chembe zimejaa maji na hewa haipiti. Likishindwa kushikamana, bakteria watakauka kabla ya siku ya pili.

Alkali tunaipata sokoni. Magadi yale yale ya kupikia makande, mabonge yaliyopangwa kwenye mikeka karibu na dagaa. Kikemia magadi ni mchanganyiko wa sodiamu kaboneti na bikaboneti, na bonge lililosagwa na kuyeyushwa linatupatia pH tunayoitaka. Tulianza na gramu 30 kwa kilo ya pumba. Haikutosha: pumba zina asidi zake, hasa asidi ya faitiki, na huivuta pH chini, halafu bakteria wanapoanza kula wanga kidogo uliomo wanaishusha tena. Tumepanda hadi gramu 60, na sasa pH inaanza karibu na 10, inashuka siku ya kwanza, kisha inarudi juu bakteria wanapoanza kukata protini na kuachia amonia. Harufu ya amonia siku ya pili ni habari njema. Harufu ya uchachu ni habari mbaya.

Pumba zenye magadi hugeuka njano, hilo ni la kawaida.

Faida ya magadi ndiyo hii: hatuhitaji tena presha. Tunazipika pumba kwa mvuke wa kawaida kwenye sufuria kubwa, saa moja. Mvuke wa nyuzi 95 hauui spora zote, na tulipofanya hivyo bila magadi, kesho yake masinia yalikuwa na utelezi na harufu za kila aina: spora zilizobaki ziliamka. Pamoja na magadi, zimo lakini haziamki. Wetu peke yake anaota. Magadi yanalinda sinia kama mlinzi wa getini, bila kuni za ziada na bila umeme.

Kuna jambo lililotutia wasiwasi, na mtu wa Arusha au Kilimanjaro ataling'amua mara moja: floridi. Magadi ya kwetu yana floridi, ile ile inayochangia kuwaharibu watoto wetu meno, na floridi huzuia enolasi, kimojawapo cha vimeng'enya ambavyo bakteria yeyote anavitumia kuvunja sukari. Tuliweka masinia sambamba, moja kwa magadi ya sokoni, jingine kwa sodiamu kaboneti safi ya dukani, pH sawa, mbegu ile ile. La magadi lilichelewa kuanza. Siku ya tatu lilikuwa limelikaribia lenzake. Tangu hapo mbegu tunaipandisha kutoka sinia la magadi kwenda sinia la magadi, ili bakteria azoee, na ucheleweshaji umepungua. Mabonge meupe ni mazuri kuliko yenye wekundu na mchanga.

Floridi hiyo lakini haipotei. Inatoka na maji ya mwisho. Kwa hiyo maji yetu hayamwagwi karibu na kisima wala kwenye shamba la mboga. Tunayakausha kwenye karo la saruji. Sitaki mradi unaoondoa salfaidi uongeze sumu nyingine katika mkoa ambao tayari unayo.

Julai baridi ya Arusha ilitulazimisha kutengeneza sanduku la joto: mbao, magodoro mabovu kwa ndani, balbu moja, na kidhibiti joto cha mashine ya kutotolea vifaranga. Nyuzi 37. Baada ya siku ya kwanza balbu huzimwa, kwani pumba zenyewe zinatoa joto. Kina cha pumba kisizidi sentimita 3. Tulipojaza zaidi, kipimajoto kilichochomekwa katikati kilipita nyuzi 50 na sehemu hiyo ikawa kavu, ya kahawia, haina kimeng'enya. Hapa ndipo njia ya sinia inapoonyesha ukomo wake: huwezi kuongeza uzalishaji kwa kuongeza kina, lazima uongeze masinia. Kwa kiwanda kikubwa hilo ni tatizo. Kwa fundi wa ngozi mwenye chumba kimoja, sivyo.

Tunavuna siku ya tatu. Tukingoja zaidi, proteasi zinaanza kukatana zenyewe kwa zenyewe.

Agosti: kupima

Kipimo rasmi ni cha kaseini. Unakiachia kimeng'enya kaseini kwa dakika 10, unasimamisha kwa asidi ya trikloroasetiki, unachuja, unaongeza kemikali ya Folin, rangi ya buluu inatokea, unaisoma kwenye spektrofotomita kwenye nanomita 660 na kuilinganisha na tairosini, kijenzi kimojawapo cha protini, unayoijua kiasi chake. Tunafanya hivyo chuoni kila tunapopewa nafasi.

Kwa siku za kawaida tunatumia filamu za eksirei zilizokwisha kazi. Filamu ina tabaka la jelatini lililobeba fedha nyeusi. Jelatini ni protini. Unakata kipande kidogo, unakitumbukiza kwenye kimeng'enya kwenye maji ya nyuzi 40, unaanza saa. Tabaka likikatika, weusi unadondoka na plastiki ya buluu inabaki. Dakika chache, proteasi ni kali; dakika nyingi, ni dhaifu. Filamu mzazi mmoja wa mwanafunzi wetu alituletea za miaka mingi, zilizokuwa zimelala kwenye bahasha kabatini. Tulikata kwanza sehemu yenye majina ya wagonjwa na kuichoma.

Kipimo hiki kizuri kina mtego, na naomba kila anayeiga kazi hii ausome mstari huu mara mbili. Jelatini ni kolajeni iliyochemshwa. Kimeng'enya kinachosafisha filamu haraka kupita vyote kinaweza kuwa ndicho kitakachoharibu ngozi kupita vyote. Si lazima, maana kolajeni hai imesokotwa na ni ngumu kukatwa na proteasi nyingi, ilhali jelatini imefumuka. Lakini haiwezekani kulijua hilo kwa filamu. Namba kubwa ya yuniti za nguvu ya kimeng'enya kwa gramu, inayopendwa sana kwenye ripoti, haituambii kama tunafaa kumpelekea mzee.

Septemba: kwa mzee

Tulimpelekea. Mwanafunzi wetu alikuwa ameandaa chupa yenye mchuzi uliochujwa vizuri, wa rangi ya chai. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee aliiangalia chupa akasema, "Chupa siijui, wajukuu. Tieni kwenye ngozi tuone."

Ngozi ya mbuzi iliyohifadhiwa kwa chumvi, ililowekwa kutwa nzima kutoa chumvi na damu. Mchuzi wa chupa ulihitajika mwingi, ukamwagika huku na huko, na kwenye mgongo haukupenya. Mzee ndiye aliyependekeza tuache kuchuja: tuchukue pumba zenyewe zilizochacha, tuzilowanishe ziwe uji mzito, tupake upande wa nyama, tuikunje ngozi manyoya yakiwa nje, tuifunike kwa gunia bichi. Asubuhi, kwenye gogo, kwa kisu butu, manyoya ya mbavuni yalikuja kwa mkono tu, mazima na mizizi yake. Ya shingoni yalikuwa magumu. Vinyweleo vifupi vinavyochipua vilibaki, na kwa kioo cha kukuzia vinaonekana kama vumbi jeusi.

Tangu hapo hatukamui wala kuchuja. Hatua nzima ya kukamua, kutulizisha mashapo na kuchuja kwa kitambaa imeondoka kwenye mradi, pamoja na maji yake.

Yafuatayo ni matokeo ya vipande tulivyokata kwenye ngozi zile zile ili tulinganishe haki kwa haki. Uji peke yake usiku mmoja: manyoya yanatoka, vinyweleo vinabaki, uso wa ngozi ni laini na hauna majeraha. Uji kwa siku mbili: hata shingo inatoka, lakini tumboni, ambako ngozi ni nyembamba, uso umeanza kuchubuka, na ukivuta unaona nyuzi. Uji usiku mmoja, kisha chokaa nyepesi kwa siku moja bila salfaidi: vinyweleo vingi vinaondoka, ngozi inavimba na kufunguka kama fundi anavyotaka. Hiyo ya tatu ndiyo tuliyoichagua. Chokaa haijaondoka, imepungua. Salfaidi imeondoka kabisa.

Vipande vilivyopatikana vilisindikwa kwa magome ya miwati, unga unaotengenezwa Njombe, ambako miti hiyo imepandwa tangu wakati wa mkoloni. Mzee alivikunja, akavivuta, akavinusa. Cha tumbo cha siku mbili alikirudisha bila neno. Cha chokaa nyepesi alikiweka kwenye rundo lake mwenyewe.

Watafiti wa Chennai, India, kwenye taasisi kuu ya utafiti wa ngozi ya nchi hiyo, wamefanya kazi ya namna hii kwa miongo, wakiwemo waliooteshea bakteria kwenye pumba. Hatudai kuvumbua. Tunachokiongeza ni magadi ya sokoni na kuondoa hatua ambazo fundi wa hapa hana uwezo nazo.

Oktoba: kukausha, au kutokausha

Wengi wanaosikia habari zetu huuliza lini tutauza unga kwenye mifuko. Unga unahifadhika, unga unasafirishwa. Tumejaribu kukausha kivulini chini ya nyuzi 45, na sehemu kubwa ya nguvu ilibaki.

Sababu ya kutoendelea ni vumbi. Miaka ya sitini mwishoni, viwanda vya sabuni Ulaya vilipoanza kutumia proteasi ya Bacillus ikiwa unga mkavu, wafanyakazi walianza kubanwa kifua. Mwaka 1969 madaktari wa Uingereza waliripoti kwamba ni pumu inayosababishwa na kuvuta vumbi la kimeng'enya. Viwanda vikabadilisha, vikaanza kukifunga ndani ya chembe zilizopakwa nta ili kisipeperuke. Sisi hatuna mashine ya chembe za nta. Tungempa fundi mfuko wa unga, akaumimina kwenye ndoo katika chumba kisicho na dirisha, kila siku, kwa miaka. Kumwondolea salfaidi na kumpa pumu si msaada.

Kwa hiyo kimeng'enya chetu kitabaki kibichi. Pumba zikivunwa zinachanganywa na chumvi na kushindiliwa kwenye ndoo zenye vifuniko, mahali pa baridi. Zikiwa hivyo, filamu ya eksirei inaonyesha kwamba zinadhoofika kidogo kidogo, na baada ya wiki mbili hivi hazifai tena ngozi ya shingo. Maana yake kimeng'enya kitengenezwe karibu na kinapotumika: Arusha kwa Arusha, Singida kwa Singida, ambako mashudu ya alizeti yapo kila kona. Wapo waliosikitika kwamba hii inaua biashara ya kusambaza nchi nzima. Mimi naona inaacha kazi na fedha mikononi mwa mafundi wengi zaidi.

Tulijaribu pia kukikusanya kwa mbolea ya SA ya duka la pembejeo, kwa kuwa salfeti ya amonia ndiyo inayotumika maabara kuzitenga protini na maji. Inawezekana, ila lazima pH ishushwe hadi karibu na 7 kwanza. Ukiimwaga mbolea hiyo kwenye mchuzi wa alkali, amonia inafumka na mtu anatoka mbio akilia. Tumeliacha.

Novemba: tulipo sasa

Sinia linafanya kazi. Mbegu iko kwenye mchanga, na nakala yake iko chuoni. Mzee anatumia uji wetu kwenye sehemu ya ngozi zake, bado anaweka salfaidi kwenye nyingine kwa wateja wasiotaka kungoja siku ya ziada, na sina haki ya kumlaumu.

Lililobaki gumu ni shingo na tumbo kwenye ngozi moja. Shingo inadai muda, tumbo halivumilii muda. Mwanafunzi anajaribu kupaka uji mzito shingoni saa kadhaa mapema, na tumboni kupaka mwepesi mwishoni. Fundi sanifu anafuata njia nyingine: kuongeza chumvi ya kalsiamu ili kimeng'enya kistahimili zaidi, ingawa kwenye magadi kalsiamu inageuka chokaa ya mawe na kuzama kabla ya kufika kinapotakiwa, kwa hiyo anaiweka mwishoni, baada ya pH kushushwa kwa siki kidogo.

Ngozi za mzunguko ujao zimeshalowekwa. Nusu zitaenda kwa njia ya mwanafunzi, nusu kwa ya fundi sanifu, na vipande vyote vitapelekwa kwa mzee bila alama ya nani ni wa nani.